Utepe wa Nderemo

Usihangaike kuitafuta Jamhuri ya Vifijo kwenye ramani. Wachora ramani walifika huko siku ya sherehe, wakakuta barabara zote zimefungwa kwa ajili ya msafara wa mkubwa, wakageuza. Mimi mwenyewe sijafika. Ninayoyasimulia nimeyapata kwa watu walioyasikia kwa waliokuwapo, na mkiona humu jambo linalofanana na la kwenu, basi ni nyinyi mmeiga, kwa maana Vifijo hawaigi mtu.

Mji mkuu wa nchi hiyo unaitwa Nderemo. Watu wake ni wakarimu, wanapenda michezo kupindukia, na wana heshima. Heshima yao kubwa iko kwenye utepe. Huko Vifijo kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe, hakizinduliwi mpaka kifungwe utepe, na utepe haukatwi ila na mgeni rasmi, kwa mkasi uliolazwa kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Mtoto wa Vifijo hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Choo cha soko kuu la Nderemo kilijengwa, kikapakwa rangi, kikafungwa utepe mlangoni, halafu mgeni rasmi akapata safari ya nje. Wenye vibanda wakawa wanakuja pale mlangoni, wamebana miguu, wanautazama utepe kwa huzuni, kisha wanatimua mbio kuelekea vichakani. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Jamaa mmoja aliyezidiwa alijaribu kupita chini yake kwa kuinama, akahojiwa kutwa nzima kwa kosa la kumtangulia mgeni rasmi.

Basi katika mji huo alikuwapo mama mmoja, Bi. Zuhura, muuza kashata, ambaye watu walimwita Kisauti kwa utani tu, maana sauti yake ukiisikia huwezi kuisahau. Akiwa Uwanja wa Mchangani akisema "Haya!", kuku wa mtaa wa pili walikuwa wanasimama. Alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Mashabiki Wasiochoka, na kweli walikuwa hawachoki, ingawa walikuwa na kila sababu ya kuchoka.

Tangu utoto Bi. Zuhura alikuwa akiisikiliza Michezo Mikubwa ya Dunia redioni, pembeni ya baba yake. Kila mara ilifanyika katika miji ya watu, yenye majina ya kuuma ulimi. Mtangazaji akipiga kelele kwamba sasa wanakaribia mwisho, sasa wanakaribia, betri zilikuwa zinaisha. Hakuwahi hata mara moja kusikia mbio zikifika mwisho. Akakua na hamu moja moyoni, nayo ni kukaa kwenye benchi la mji wake, kwa macho yake mawili, aone mtu anamaliza mbio. Hakuomba zaidi ya hapo. Na akilifikiria jambo hilo machozi yalimlengalenga, akasingizia moshi wa sukari.

*

Uwanja wa Mchangani ulikuwa na historia. Kila Waziri wa Michezo aliyeteuliwa alifika pale akaweka jiwe la msingi la uwanja wa kisasa, akapigiwa makofi, akaondoka. Waziri aliyefuata hakuweza kujenga juu ya jiwe la mwenzake, ingekuwa utovu wa adabu, kwa hiyo aliweka la kwake mbele kidogo. Mawe yakajipanga kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, kila moja na jina la mkubwa kwa herufi za dhahabu. Mpira ukawa hauchezeki tena. Waliobaki ni wakimbiaji, ambao walikuwa wanayaruka.

Hodari wao alikuwa Tabu, binti wa marehemu kaka yake Bi. Zuhura, msichana mwembamba mwenye miguu mirefu na maneno machache. Aliyaruka mawe yale kama hayapo. Watu walikuwa wakisema, "Kampita Waziri wa kwanza, kampita wa pili, angalia anavyomruka wa tatu!" Maneno hayo yalikuwa yanasemwa kwa sauti ya chini.

Jumamosi moja akaja Waziri wa zamu, Mheshimiwa Daktari Pambe Makeke, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa habari. Alipanda jukwaani, akasubiri kipaza sauti kikohoe, akasema:

"Ndugu wananchi! Dunia imezunguka, imezunguka, ikachoka kuzunguka. Ikajiuliza, nikapumzike wapi? Ikasikia kelele za furaha. Ikauliza, ni wapi huko? Ikaambiwa, ni Nderemo!"

Makofi.

"Serikali yenu imeomba kuandaa Michezo Mikubwa ya Dunia. Mkaguzi anakuja. Akiridhika, hapa mnapokanyaga patajengwa uwanja ambao hata ndege wa angani watalipa kiingilio!"

Vigelegele. Bi. Zuhura alipiga chake mpaka Mheshimiwa akashika sikio.

"Na tusipofanikiwa," Waziri akaendelea, "msihuzunike. Kiwanja hakitakaa bure. Patakuwa maegesho ya magari ya wizara, maana magari yetu yanateseka sana na jua."

Watu wakapiga makofi vilevile, kwa sababu mikono ilikuwa imeshazoea. Bi. Zuhura mikono yake ilibaki imeachana hewani. Akamtazama Tabu, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe la Waziri wa nne akifunga kiatu. Kwingine pa kukimbilia hapakuwapo, mji mzima ulikuwa umeshakuwa barabara za misafara.

"Shangazi," Tabu akamuuliza njiani, "magari ya wizara ni mengi kiasi cha kujaza uwanja wote?"

"Mwanangu," Bi. Zuhura akamjibu, "uwanja ndio utakuwa mdogo."

*

Maandalizi yakaanza. Serikali iliunda Kamati ya Furaha, na kamati ikaona kwamba mashabiki wanashangilia ovyo, kila mtu kwa wakati wake, pengine hata kabla ya kuruhusiwa. Ikaletwa bendera ndogo ya kijani. Ikiinuliwa, shangilia, ikishushwa, nyamaza, ikipeperushwa, lia kwa furaha. Mashabiki Wasiochoka wakafanyishwa mazoezi kila asubuhi mbele ya uwanja mtupu. Bi. Zuhura akaambiwa apunguze sauti ifikie kiwango cha kimataifa. Akapunguza. Angekubali hata kuvaa viatu vya kubana, ilmradi Michezo ije.

Mchanga wa uwanja ukapakwa rangi ya kijani ili ufanane na majani. Ulipendeza kweli. Ila kwa kuwa ulipendeza, wakimbiaji wakapigwa marufuku kuukanyaga wasije wakauchubua, na ubao ukawekwa langoni: UWANJA WA MICHEZO. NI MARUFUKU KUCHEZA. Tabu akafanyia mazoezi uani kwa shangazi yake. Aliruka vinu, akaruka ndoo, akaruka kigoda, na alipokosa vya kuruka akamruka mbuzi wa jirani, ambaye mwanzo alilalamika, baadaye akawa anajipanga mwenyewe.

Aliyesimamia yote hayo alikuwa Afisa Itifaki Mkuu, Bwana Salehe Taratibu. Huyu bwana, Mawaziri walikuja wakaondoka, yeye alibaki. Alitembea polepole, akaongea polepole, na inasemekana hata usingizi alikuwa anaukaribisha kwanza. Ndiye aliyejua nani atangulie kukaa na nani atangulie kusimama. Usiku wa kuamkia ukaguzi hakulala vizuri, maana alikuwa amesikia kwamba mwisho wa mbio huwekwa utepe.

"Kama ni utepe," alisema kwa uso uliong'aa, "hilo tuachieni sisi."

*

Mkaguzi aliitwa Bwana Vestergren, mzungu mrefu, mkimya, aliyeungua pua na jua. Kiswahili alijifunza kitabuni, na alikisema polepole kama mtu anayebeba mayai. Shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio, na kila mara alikuwa anaigusa kuona kama ipo.

"Haya mawe," aliuliza, "ni viunzi vya kuruka?"

"Ni mawe ya msingi," akajibu Waziri Makeke. "Kila moja ni uwanja."

"Na viwanja viko wapi?"

"Viko kwenye hatua ya jiwe."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa adabu, akaketi.

Utambulisho ukaanza. Kwingine huko, mzungumzaji husema kwamba itifaki imezingatiwa, mambo yakaenda. Vifijo hawasemi, wanazingatia. Mshereheshaji alianza na wakubwa, akaja kwa wake wa wakubwa, kisha kwa waliowahi kuwa wakubwa, kisha kwa wanaotarajia. Kila aliyetajwa alisimama, akapunga mkono, akakaa, na wengine walisimama mara ya pili kwa sababu hawakupigiwa makofi ya kutosha. Bendera ya kijani ilipanda ikashuka mpaka aliyeishika akabadilisha mkono.

Jua likawa linakaza. Wakimbiaji walikuwa wamepiga goti kwenye mstari, jasho linawatiririka. Mkaguzi akamwinamia jirani yake, akamuuliza kama wanaweza kuanza. Jirani hakusikia vizuri, lakini kwa kuwa mgeni hakataliwi neno, alijibu, "Naam, bila shaka!" Mkaguzi akatoa filimbi mfukoni, akapuliza, akabonyeza saa.

Wakimbiaji wakachomoka.

Jamani, Tabu alikimbia siku ile! Wanaosimulia mpaka leo wakifika hapa wanasimama. Aliruka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, rangi ya kijani inaruka nyuma yake, wenzake wanaila. Bi. Zuhura alishika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili. Bendera ilikuwa chini, kwa hiyo hakuna aliyetoa sauti; uwanja mzima ulikuwa unatazama mdomo wazi, kimya kabisa, unasikia nyayo tu. Hatimaye, alijiambia, hatimaye namwona mtu anamaliza.

Mwisho wa njia kulikuwa na utepe. Bwana Taratibu aliufunga mwenyewe, wa rangi za taifa, wenye maua ya plastiki huku na huku na fundo la heshima katikati. Tabu akaja mbio, akaja, akaja, na alipobakiza hatua moja tu akafunga breki. Akasimama wima, mikono nyuma, akainamisha kichwa.

Wa pili akafika, akasimama nyuma yake. Wa tatu akafika, akajipanga. Wakakaa kwenye foleni nzuri sana, wanahema kwa nidhamu.

Mkaguzi akaitazama saa yake. Akawatazama wakimbiaji. Akaitazama saa tena.

"Wanangoja nini?" akauliza.

"Mgeni rasmi," akajibu Bwana Taratibu kwa fahari. "Mheshimiwa atakata mara tu utambulisho utakapomalizika."

"Lakini mbio bado zinahesabiwa."

"Zihesabiwe tu. Sisi hatuna haraka."

Waziri Makeke alipoona watu wanamtazama, akasimama, akavuta koti, akanyoosha mkono pembeni kama alivyozoea. Mkono ukabaki hewani, hauna kitu.

"Mkasi uko wapi?" akauliza.

Mkasi ulikuwa kwenye sinia, sinia lilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa limekwenda kumletea Mheshimiwa maji ya kunywa ya baridi. Wakatumwa watu. Watu wakatumiwa watu wengine wa kuwafuata. Mshereheshaji, kujaza nafasi, akaanza kuwatambulisha wakimbiaji, na wao mmoja mmoja wakawa wanapunga mkono.

Bi. Zuhura aliyaona yote hayo. Alimwona mkaguzi anaanza kuikunja karatasi yake. Aliyaona magari ya wizara yamejipanga nje ya uzio, yakiwa yameelekeza pua ndani kama yanachagua nafasi. Akamwona mtoto wa kaka yake, aliyewashinda wote, amesimama juani kama aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa. Ule moyo wake uliosubiri tangu enzi za redio ya baba ukakataa kusubiri tena.

"Kata, mwanangu!" akapiga ukelele, na sauti haikuwa ya kiwango cha kimataifa. "Kata!"

"Shangazi," Tabu akajibu bila kugeuka, karibu analia, "mgeni rasmi hajafika!"

Basi Bi. Zuhura akaitua trei ya kashata, akajifunga kanga kiunoni, akashuka kutoka mabenchini. Aliingia uwanjani kwa mwendo ambao si wa kukimbia wala si wa kutembea, akaipita foleni, akampita Tabu, akautia utepe kifua. Utepe ukakatika. Maua ya plastiki yakaangukia huku na huku.

Hata kipaza sauti kiliacha kukoroma. Aliyeshika bendera ya kijani aliitazama kama inaweza kumshauri. Halafu, bila bendera, bila kamati, uwanja mzima ulilipuka: vigelegele, mbinja, makofi, watu wanarukaruka juu ya mawe ya Mawaziri. Mkaguzi akabonyeza saa yake, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege akacheka.

"Kwa kanuni," alisema, "mshindi ni anayekata utepe kwanza. Mama, hongera."

Kisha akamgeukia Waziri. Alisema kwamba ameona miji mingi yenye viwanja visivyo na watu wenye hamu, lakini hajaona watu wenye hamu kama hawa na kiwanja kama hiki. Atarudi. Akirudi atataka kuona jambo moja tu, mkimbiaji akifika mwisho akate utepe mwenyewe, kwa kifua chake, bila kumngoja mtu. Akiliona hilo, Michezo ni ya Nderemo. Akikuta foleni tena, basi, atawapa wengine.

*

Serikali ilifurahi na kufadhaika kwa wakati mmoja. Ilifurahi kwa sababu Michezo ilikuwa imekaribia. Ilifadhaika kwa sababu utepe wa taifa, wenye rangi za taifa, ulikuwa umekatwa na muuza kashata.

Baraza zima likakaa. Wengine walitaka afungwe. Wengine wakasema akifungwa mkaguzi atamwulizia. Ndipo Bwana Taratibu aliponyanyua kidole, polepole, wakamsubiri kidole kifike juu.

"Waheshimiwa," akasema, "katika nchi yetu utepe haukatwi ila na mheshimiwa. Utepe umekatwa. Kwa hiyo aliyeukata ni mheshimiwa. Kilichochelewa ni uteuzi tu."

Watu wakapumua. Siku hiyohiyo redio ya taifa ikatangaza kwamba Bi. Zuhura ameteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Michezo anayeshughulikia Utepe.

Alikuwa jikoni, anakoroga sukari. Tabu aliiacha ndoo aliyokuwa akiiruka, akaja kumrukia shingoni.

"Mie nauza kashata," Bi. Zuhura aliwaambia waliokuja kumchukua. "Hayo mambo siyajui."

"Hakuna anayeyajua, Mheshimiwa," akamjibu Bwana Taratibu kwa upole. "Gari linakusubiri."

"Nenda, shangazi," Tabu akasema. "Wewe ndiye unayejua tunachokitaka. Waambie tu tukimbie mpaka mwisho."

"Nitawaambia leo hiihii!"

Na alitaka kuwaambia leo hiihii. Mnisadiki, alikwenda na nia hiyo. Siku ya kwanza alijifungulia mlango wa gari, dereva akakaribia kulia, akidhani kazi imekwisha. Kwa huruma tu siku ya pili akamwachia afungue. Siku ya tatu alisimama mbele ya mlango akashangaa kwa nini haufunguki. Akapewa kiti kinachozunguka, na zulia, na mtu wa kumbebea mkoba, na mtu wa kumkumbusha mkoba uko kwa nani. Sauti yake ikaonekana inatisha vioo vya ofisi, akafundishwa kuzungumza kupitia puani. Alipofika sokoni mara moja kununua nazi, ilibidi soko lifungwe kwa usalama wake, akarudi bila nazi.

Tabu alimfuata ofisini. Alikaa kwenye benchi la nje kutwa nzima, viatu vya mbio mapajani.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao," aliambiwa.

"Kikao cha nini?"

"Cha namna ya kuwasikiliza wakimbiaji."

Sikatai, kikao kilifanyika, na kilikuwa kizuri, chenye sambusa. Bi. Zuhura alianza kwa kusema, "Jamani, jambo lenyewe dogo, waacheni wakate." Wote wakamsifu kwa hekima. Halafu Bwana Taratibu akanyanyua kidole.

"Wazo la Mheshimiwa ni kubwa mno," akasema. "Wakimbiaji kukata utepe wenyewe! Ni mapinduzi. Sasa jambo kubwa namna hii litaanzaje kutumika bila kuzinduliwa?"

Naibu Waziri akafikiri. Kusema kweli lilikuwa swali la maana. Hata choo cha soko hakikutumika bila kuzinduliwa.

"Basi tulizindue," akasema kupitia puani.

"Kwa kukata utepe," akamalizia Bwana Taratibu. "Mheshimiwa atakata ule wa kwanza, kufungua rasmi zama za wakimbiaji kujikatia. Baada ya hapo wao wataendelea."

Waliokuwapo wakapiga makofi. Bi. Zuhura alihisi kitu kidogo kinamsumbua rohoni, kama punje ya karanga kwenye jino, lakini sambusa zilikuwa za moto na punje ikapotea.

*

Mkaguzi akarudi. Uwanja wa Mchangani ukapakwa rangi upya, kijani kilichokoza. Mwisho wa njia, karibu kabisa na utepe, jiwe jipya la msingi lilikuwa limefunikwa pazia, na chini ya pazia jina la Bi. Zuhura lilikuwa limechongwa kwa dhahabu. Mashabiki Wasiochoka walijaa mabenchini, wakiulizana Kisauti atakaa wapi. Walimwachia nafasi yake ya zamani, wakaiwekea mtandio watu wasikae.

Hakukaa pale. Gari lake lilisimamishwa pembezoni mwa njia ya mbio, vioo vyeusi vimepandishwa, maana Naibu Waziri hawezi kushuka kabla hajatambulishwa, na mshereheshaji alikuwa bado kwa wake wa wakubwa. Ndani kulikuwa na baridi nzuri. Alikuwa akiipitia hotuba yake, iliyoanza na maneno, "Dunia imezunguka, imezunguka."

Mkaguzi safari hii hakumuuliza mtu. Akapuliza filimbi.

Bi. Zuhura aliinua macho, akawaona kupitia kioo cheusi wanapita bila sauti. Tabu alikuwa mbele. Akaruka jiwe la kwanza, akaruka mengine yote, akaja mpaka lile la mwisho, lile jipya lenye pazia, akaliruka nalo. Mheshimiwa alijikuta ameachia hotuba, ngumi zimekunjika mapajani, anasema chini kwa chini, "Haya, mwanangu, haya, haya."

Tabu akafika kwenye utepe, akasimama. Wima, mikono nyuma. Wa pili akaja akajipanga, na wa tatu.

Ng'ambo ya uwanja Bwana Vestergren aliinua saa yake, akaitazama. Hakucheka. Mabenchini watu walikuwa wamesimama wote, wameligeukia gari jeusi.

"Huyu mtoto anangoja nini?" Bi. Zuhura akauliza.

Bwana Taratibu, aliyeketi mbele karibu na dereva, akageuka polepole.

"Anakungoja wewe, Mheshimiwa."

Alijua la kufanya, alilijua kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Neno lilikuwa moja tu, na sauti ya kulifikisha alikuwa nayo, ingepita kioo, ingepita na magari. Alivuta pumzi kifua kikajaa. Akafungua kinywa. Na katika kile kioo cheusi akajiona mwenyewe: kilemba kimekaa vizuri, ua la taifa begani, hereni za dhahabu. Ilikuwa picha ya mtu ambaye hapigi kelele hadharani.

Akafunga kinywa. Akakohoa kidogo, akaweka kilemba sawa, akanyoosha mkono pembeni.

"Mkasi uko wapi?" akauliza.